Mnyauko wa viazi mviringo Kigoma: ununue mbegu, uchague yako, au uhame shamba?

Saa saba mchana, jua la Januari limekaza baada ya mvua ya asubuhi, na katikati ya shamba langu la viazi huku Buhigwe mistari miwili imelala kama imemwagiwa maji ya moto. Majani bado ya kijani. Hayana doa, hayana unga, hayajatobolewa na mdudu. Jioni nikapita tena, yamesimama. Nikajiambia ni jua tu. Siku ya nne hayakusimama.

Nikaenda duka la pembejeo, nikaeleza, nikapewa dawa ya ukungu. Nikapulizia. Wiki iliyofuata nikapulizia tena, na mara ya tatu nikachanganya na dawa ya wadudu kwa hasira tu. Aliyeokoa pesa iliyobaki ni bibi shamba mmoja aliyekuwa amekuja kijijini kwa ajili ya migomba ya watu wengine. Alisimama shambani kwangu dakika chache, hakuandika jina la dawa yoyote.

"Baba, una glasi? Ile ya kuona ndani."

"Ya chai inafaa?"

"Inafaa. Na maji safi, na kisu."

Akakata shina la mmea uliolala, kipande cha urefu wa kidole, juu kidogo tu ya udongo. Akakibana kwa kibanio cha nguo juu ya mdomo wa glasi, ncha ya chini ikagusa maji. Akanikataza nisitikise meza. Tukakaa kimya kama tunasubiri chai ichemke. Hazikupita dakika tatu, nyuzi nyeupe nyembamba zikaanza kuteremka kutoka kwenye lile shina, moja, mbili, tano, kama mtu anadondosha maziwa kwa uzi wa cherehani.

"Ndio hao. Mnyauko bakteria."

"Dawa yake?"

"Dawa hakuna, baba. Kuna kuchagua."

Tangu siku ile nimekuwa nikichagua, mara nyingine vibaya. Haya ndiyo ninayoyaona nikiyaweka njia kwa njia, na nasema tangu mwanzo kwamba mimi siko katikati: naamini pesa ya mkulima wa viazi iende kwenye mbegu na kwenye ardhi, na bomba la kupulizia libaki kwa ukungu.

Kwanza jua unapambana na nani

Huwezi kuchagua njia kama hujajua ugonjwa, na huku kwetu neno "mnyauko" linabeba kila kitu. Kuna mnyauko wa migomba, ulioonekana Kagera mwaka 2006 na baadaye ukaingia na huku kwetu. Nao unaletwa na bakteria, ila ni ukoo mwingine kabisa, Xanthomonas. Hauhami kutoka kwenye mgomba kwenda kwenye kiazi. Jirani yangu alikata migomba minne iliyokuwa mizima ili kuokoa viazi vyake. Viazi vilikufa, na ndizi akakosa.

Wa viazi jina lake la kitaalamu ni Ralstonia solanacearum. Anaingia kwa mizizi, hasa pale ilipokwaruzwa na jembe au kuliwa na minyoo fundo, kisha anaziba mirija inayopandisha maji. Ndiyo maana mmea unalala ukiwa kijani: una kiu, na ardhi imelowa. Magonjwa mawili anayochanganywa nayo sana ni haya:

| | Mnyauko bakteria | Ukungu (bakajani) | Mguu mweusi |
|---|---|---|---|
| Majani | Yanalala yakiwa kijani. Mwanzoni husimama tena jioni | Madoa ya maji yanayogeuka kahawia, na utando mweupe chini ya jani asubuhi | Yanapauka na kujikunja, mmea unadumaa |
| Shina | Nje linaonekana zima. Ukilikata ndani pana michirizi ya kahawia | Mabaka ya kahawia juu juu | Jeusi, linateleza, kuanzia chini |
| Kiazi | Pete ya kahawia ndani, uji mweupe ukiminya, udongo umegandia machoni | Uozo mkavu wa kahawia chini ya ganda | Uozo laini wenye harufu kali |
| Dawa ya dukani | Haisaidii | Inasaidia ukiwahi | Haisaidii |

Kama huna glasi, ng'oa mmea mmoja uliolala, ukate kiazi chake upande wa kitovu, pale kilipokuwa kimeshikana na mmea. Kiminye kwa nguvu. Uji mzito kama maziwa ya mtindi ukitokea kwenye ile pete, huhitaji kuulizia zaidi. Lakini ukiona kiazi kisafi usishangilie. Kiazi kinaweza kubeba bakteria hawa bila alama yoyote, na kila kosa nililofanya mimi limetoka hapo.

Mbegu: ya sokoni, yenye lebo, au ya kwako

Tuanze na ile tunayoipanda wengi. "Mbegu" ya sokoni, kwa kweli, ni viazi vya kula vilivyokosa ukubwa. Wakaanga chipsi wa Mwanga, Kigoma mjini, na wa Kasulu mjini wanachukua vikubwa, akina mama wa nyumbani wanachukua vya kati, vile vidogo vinavyobaki chini ya gunia ndivyo tunavyoambiwa ni mbegu. Sasa fikiria: mmea mgonjwa ndio unaozaa vidogo. Tukichukua vidogo kila msimu, tunachagua wagonjwa kwa mikono yetu wenyewe. Kwa miaka mitano sita mbegu inazidi kuchoka, nasi tunasema ardhi imechoka.

Uzuri wake ni bei na ukaribu. Unaipata leo, unapanda kesho, unaweza kupunguziwa. Ubaya wake ni kwamba hujui imetoka shamba la nani. Mimi niliyeuziwa ile iliyoniponza, mwuzaji aliniapia ni ya mlimani, ya baridi, haijawahi kuona ugonjwa. Na huenda hakudanganya! Bakteria hawa wanapenda joto; nyuzi joto zikiwa 25 na zaidi wanachachamaa. Juu, kwenye baridi, wanaweza kukaa ndani ya kiazi kimya, mmea ukaonekana mzima, mwenye shamba akalala usingizi. Mbegu ile ile ikishushwa chini kidogo kwenye joto ndipo inaonyesha rangi yake. Kwa hiyo "imetoka mlimani" si cheti. Inaweza kuwa ni njia tu ya ugonjwa kusafiri bila kuonekana.

Mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu) kwenye gunia, imekaguliwa shambani na baada ya mavuno. Aina kama Asante na Sherekea zimepitia kwa watafiti wa TARI Uyole, Mbeya. Hapa ndipo penye usalama mkubwa kuliko kwingine kote, sibishani. Shida yetu wa Kigoma ni njia. Kutoka Mbeya gari linapanda Sumbawanga, linapita Mpanda na Uvinza ndipo lifike Kasulu. Mbegu inakaa kwenye turubai siku kadhaa, ikifika mara nyingine imeshaota machipukizi marefu meupe, au imevunda kwenye pembe za gunia. Ukiagiza, panga na wenzako mjaze gari, na mkubaliane mapema nani anapakua na wapi inatandazwa. Mbegu iliyobanwa gunia juu ya gunia wiki nzima inapoteza nusu ya thamani uliyoilipia.

Halafu bei. Tuseme, kwa mfano tu, gunia la kilo 50 la sokoni ni shilingi 50,000, na lenye lebo likifika hapa na nauli yake ni 120,000. Eka moja kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 inabeba mashina kama 18,000. Kiazi cha mbegu kikiwa na gramu 50, hizo ni kilo 900, yaani magunia 18. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni shilingi 1,260,000 kabla hujanunua mbolea. Nani anayo? Wachache. Ndiyo maana ushauri wa "nunueni mbegu bora" unatuchosha masikio.

Kati ya hizo mbili ipo mbegu ya daraja la kuazimiwa, inayozalishwa na wakulima waliosajiliwa na kukaguliwa, na ambayo inauzwa karibu na ilikozalishwa. Kama kuna kikundi kinachoizalisha wilayani kwako, anzia hapo. Nauli peke yake inakulipa.

Ya tatu ni kuchagua mwenyewe shambani. Muda mfupi kabla ya kuchanua unapita na vijiti, unasimika kimoja kwenye kila mmea mzuri: mrefu wa kutosha, majani mapana, hakuna aliyejikunja wala mwenye madoa ya njano. Baada ya wiki mbili unarudi, waliougua unang'oa vijiti vyao. Wakati wa kuvuna unaanza na wenye vijiti, mmoja mmoja, na hata hapo mmea uliozaa viazi vitatu vilivyopinda unauacha uende sokoni. Kazi yake ni ya siku mbili na macho. Majaribio yaliyofanyika kwa wakulima wa Kenya yalionyesha mavuno kupanda kwa karibu asilimia 30 kwa njia hii tu, bila kununua chochote.

Lakini hapa nataka msomaji asome polepole. Faida hiyo imetokana zaidi na kupunguza virusi, vile vinavyokunja na kudumaza majani. Dalili za virusi unaziona kwa macho. Bakteria wa mnyauko humuoni mpaka umeshachelewa. Kwa hiyo vijiti ni njia nzuri mno kwenye shamba lisilo na mnyauko, na ni mtego kwenye shamba lenye nao. Sheria ninayoifuata sasa, na watu wa kwangu wananiona mkali: shamba lenye mmea hata mmoja ulionyauka halitoi mbegu. Si ule mstari, si ile kona. Shamba zima linakwenda chungu na sokoni.

Ukiniuliza ninayoichagua mimi, ni kuchanganya ya pili na ya tatu. Sinunui magunia 18 yenye lebo; nanunua matatu. Hayo yana viazi kama 3,000. Ninavipanda kwenye kipande kidogo kilichokaa mahindi muda mrefu, kwa kubana, sentimita 60 kwa 20, ili vizae vya ukubwa wa mbegu badala ya vikubwa vya chipsi. Kinatosha kipande cha mita 20 kwa 18. Kila shina likinipa nusu kilo nina tani moja na nusu, na nikitoa vikubwa na vibovu nabaki na mbegu ya eka nzima ya msimu unaofuata. Kwa mfano wetu wa bei, nimetoa 360,000 badala ya 2,160,000. Gharama halisi ni subira: msimu mmoja huna viazi vingi vya kuuza. Kwa mwenye ada ya shule ya Januari hilo si jambo dogo, najua.

Na usikate mbegu. Kisu kikipita kwenye kiazi kimoja kibovu kinaambukiza vyote vinavyofuata kwenye beseni. Panda kizima, kilichochipua vizuri, cha ukubwa wa yai.

Ile inayovuka mpaka

Manyovu ni mlango. Viazi vinavuka kutoka Burundi kama vinavyovuka vitenge, na pamoja navyo kuna aina moja ambayo wazee wanaisifia kwamba "hainyauki". Warundi wanaiita Ndinamagara. Sisi Waha hatuhitaji mkalimani: inajiita yenye uzima. Kwenye vitabu vya watafiti ni Cruza 148, na sifa yake si uongo. Katika nchi za maziwa makuu inajulikana kwa kuvumilia mnyauko kuliko aina nyingi.

Kuvumilia, lakini, si kukataa. Aina hii inaweza kubeba bakteria mwilini na bado ikasimama, ikakupa gunia zako. Ukiilinganisha na Asante kwenye ardhi iliyoambukizwa, utavuna zaidi kwa Ndinamagara, huo ni ukweli. Ila mbegu utakayoitunza kutoka humo, ukampa shemeji yako apande karibu na shamba lake la nyanya, umempa bakteria kwa zawadi. Mimi naiona hivi: kwa mtu mwenye kipande kimoja tu, kilichougua, asiye na pa kuhamia, na anayepanda ili ale, ni chaguo la haki kabisa. Kwa anayetaka kuuza mbegu ni chaguo baya kuliko yote, kwa sababu ya hiyo hiyo sura yake nzuri.

Ardhi: kung'ang'ania, kuzungusha, kuhama

Mbegu safi kwenye udongo mgonjwa ni pesa umeifukia. Nimeona mtu ameagiza mbegu ya lebo, akaipanda palepale viazi vya mwaka jana vilipooza, mwezi wa pili akaanza kutukana lebo.

Kung'ang'ania maana yake ni kubaki na zao, ukang'oa wanaougua. Kunafaa pale tu ugonjwa unapoonekana mapema kwa mimea michache ya kuhesabu. Unachimba mmea na viazi vyake vyote na udongo ulioizunguka mizizi, unautia kwenye mfuko palepale, huuburuti juu ya matuta. Majirani zake wa pande mbili mimi nawang'oa pia, hata kama wanacheka kijani. Mara nyingi wameshaingiwa. Mfuko unazikwa shimo refu nje ya shamba, mbali na mfereji. Usiupeleke kwenye lundo la samadi, maana mwakani utaurudisha shamba zima kwa toroli. Kama una nguruwe, viazi vile vipikwe kwanza.

Wakati wa kung'oa, watu wanasahau jembe. Vibarua wanatoka shamba la fulani wanaingia lako na tope la huko. Tope litolewe kwanza kwa maji na brashi, kisha jembe na buti vipitishwe kwenye ndoo ya jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji. Ukitia jembe lenye tope kwenye jiki, tope ndilo linalokula nguvu ya dawa.

Kuzungusha mazao ndiyo kazi halisi, na kwa bahati sisi tunakula mahindi na maharage, yale yale yanayotakiwa. Mahindi ni bora, maharage, kabichi, vitunguu na karoti vinafaa. Visivyofaa ni ndugu wa kiazi: nyanya, ngogwe, bilinganya, pilipili, na tumbaku. Hilo la tumbaku linawahusu hasa wenzetu wa Kasulu na Kibondo, na wa Tabora wanaojaribu viazi kwenye mabonde. Tumbaku ikitoka, kiazi kisiingie. Tangawizi, ambayo imekuwa dhahabu ya Buhigwe, nayo ina mnyauko unaoletwa na jamii hii hii ya bakteria, kwa hiyo siitumii kupumzisha shamba la viazi hata bei yake ikiita.

Kwa muda gani? Misimu miwili ya mahindi inapunguza, haimalizi. Shamba lililougua sana mimi nalipumzisha miaka mitatu kwenda juu. Lakini miaka haihesabiki kama kuna maotea. Kila kiazi kilichosahaulika ardhini kinachipua katikati ya mahindi, kinawalisha bakteria, na hesabu yako inaanza upya siku hiyo. Mnavu vile vile, ingawa ni mboga tamu na mke wangu hakubali uguswe. Tumeafikiana: mnavu wa nyuma ya jiko ruksa, wa shamba la viazi ung'olewe.

Kuhama ni rahisi zaidi kusema. Shamba jipya ambalo halijawahi kulimwa viazi wala nyanya linakupa mwanzo safi, kama mbegu nayo ni safi. Ukilikodi, usiulize "lina rutuba?" peke yake. Uliza limepandwa nini katika miaka minne iliyopita, maji ya mvua yanatoka shamba la nani, na nani mwingine alilima viazi juu yake. Mwenye shamba akisita kwenye swali la kwanza, tafuta lingine. Ila kuhama kwa kufyeka pori jipya kila ugonjwa ukiingia, hapana. Milima yetu imeshavuliwa nguo vya kutosha, na ukihama na mbegu ile ile mgonjwa unahama na bakteria wako begani.

Mlimani au bondeni

Viazi vya masika vinakwenda mlimani, vya kiangazi, Juni hadi Septemba, vinakwenda bondeni kwa kumwagilia. Bei ya kiangazi ni nzuri, hakuna anayekataa, na ukungu ni mdogo kwa sababu hakuna mvua. Bonde linashinda kwa mfuko.

Kwa mnyauko linashindwa vibaya. Maji yote ya milimani yanamalizikia humo, na bakteria wanakuja nayo. Wapo wanaooshea viazi mtoni ili ving'are sokoni, mita mia mbili juu ya unapochota wewe. Udongo wa bonde unabaki na unyevu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kiangazi cha kuwakausha. Kama lazima ulime bondeni, lima ukiwa wa kwanza juu ya mkondo, na chimba mfereji wa kukinga maji yanayoteremka kabla hayajagusa matuta. Viazi vya humo uza vyote. Mbegu ya mwaka itoke mlimani, kwenye kipande chako unachokijua.

Dawa, kwa ufupi

Mankozebu na metalaksili ni za ukungu, na kwa ukungu zinafanya kazi. Kwa bakteria aliye ndani ya mirija ya mmea hazimfikii. Dawa za shaba zinabaki juu ya jani. Viuavijasumu vya binadamu na vya mifugo ambavyo watu wanayeyusha na kumwagia shinani ni pesa imemwagwa, na hatari yake inarudi kwetu wenyewe tukiugua. Chokaa na samadi iliyoiva vinasaidia udongo, vitumie, ila majaribio ya kuzuia mnyauko kwa vitu hivyo yanatoa majibu yasiyofanana, leo yanasaidia, kesho hayasaidii. Majivu shinani ni ya kufukuza hasira.

Kwa miaka mingi Marekani imeiweka aina hii ya bakteria wa viazi kwenye orodha ya vimelea hatari vinavyodhibitiwa kisheria. Mwaka 2003 walipougundua kwenye maua ya jerania yaliyoingizwa kutoka nje, mabanda ya kitalu yaliwekewa karantini na mimea ikaangamizwa. Wenye maabara zote hizo hawakuupulizia dawa. Waliiangamiza mimea.

Sasa wewe uko wapi?

Kama shamba lako halijawahi kunyauka na pesa ni kidogo, usijaze eka nzima mbegu ya sokoni. Panda nusu eka ya mbegu unayoijua shamba lake, weka vijiti, na kama ukipata hata magunia mawili yenye lebo, yatenge kipande chao. Mwenye pesa na soko la uhakika, anunue ya lebo kwa ajili ya kipande cha mbegu tu, eka ya kuuza aijaze mwakani.

Kama umeona mmea mmoja wawili umelala, usingoje siku ya nne kama mimi. Glasi kwanza. Nyuzi zikishuka, ng'oa leo, vuna mapema, uza vyote vya kula, na uandike mahali, hata ukutani, mwaka huo, maana baada ya misimu miwili kila mtu nyumbani anakumbuka tofauti.

Kama robo ya shamba imelala, usihangaike kuokoa. Vuna vilivyo vizima haraka, okota mpaka vidogo vya mwisho, ingiza mahindi. Na kama hicho ndicho kipande pekee ulicho nacho, gawanya: sehemu mbili mahindi na maharage, sehemu moja Ndinamagara ya chungu, na usimpe mtu mbegu hata akikuomba kwa heshima zote.

Shamba langu la chini, lile la glasi, liko mahindi mwaka wa pili. Juzi, katika palizi ya kwanza, nimekuta maotea saba ya viazi, matano yamesimama vizuri kuliko chochote nilichopanda mwaka ule. Yote yamekwenda kwenye mfuko. Mwanangu aliuliza kama lile kubwa lenye maua tungeliacha tuone. Nikampa glasi ya chai na kisu, tukakata shina tukaliweka mezani, na yeye mwenyewe akasema usitikise.